UZI: Nimepiga kura ya udiwani Dublin bila uraia, na hesabu yao imenitoa jasho

#1 Mzee wa Liffey

Wakuu, salaam.

Mimi ni mhudumu kwenye nyumba ya kutunzia wazee hapa Dublin, zamu za usiku, mwaka wa sita huu. Uraia sina. Nina kibali cha kukaa na kufanya kazi, basi. Sasa Ijumaa ya tarehe 7 Juni 2024 nimetoka zamu saa mbili asubuhi, macho mekundu, nikapitia shule ya msingi jirani na kwangu nikachagua madiwani wa jiji. Halali kabisa. Nayaleta haya hapa kwa sababu nakutana na Waswahili wenye miaka kumi na zaidi nchi hii ambao bado wanaamini kura ni ya wenye pasipoti ya kijani... samahani, ya zambarau, hawa wameingia Ulaya zamani.

Wenyewe wamezigawa kura zao hivi. Rais anachaguliwa na raia wa Ireland peke yao. Wabunge wa nchi ni wao pamoja na Waingereza wanaoishi huku. Bunge la Ulaya ni wao na raia wa nchi za Umoja wa Ulaya. Ila udiwani, yeyote aliyefikisha miaka 18 na makazi yake yako hapa anapiga. Mwenye kibali cha kazi, mwanafunzi, hata aliyeomba hifadhi na jibu lake halijatoka. Na ukitaka kugombea, ugombee.

Kituoni dada wa mezani akafungua daftari, akashusha rula mpaka kwenye jina langu. Pembeni ya jina kuna herufi L. Maana yake huyu ni wa serikali za mitaa tu. Mzee aliyenitangulia alipewa karatasi mbili, ya Ulaya na ya udiwani, mimi nikapewa moja. Nikaingia kwenye kibanda. Penseli imefungwa kwa kamba, imechongwa na kuchongwa hadi imebaki kama kidole gumba. Karatasi yenyewe ndefu kama risiti ya harusi: majina yamepangwa kwa alfabeti ya jina la ukoo, kila mgombea na picha yake na nembo ya chama.

Nikatafuta mahali pa kuweka vema. Hakuna. Unaandika namba. 1 kwa unayemtaka kuliko wote, 2 kwa anayefuata, 3, 4, mpaka pale utakapochoka. Nikasimama pale dakika nzima kama mtoto aliyeingia chumba cha mtihani akakuta somo silo.

Namba 1 nikampa mama mmoja mgombea binafsi wa mtaani. 2 na 3 watu wa vyama viwili tofauti, 4 mwingine tena, nikaishia 6. Nikakunja, nikatumbukiza, nikaenda kulala.

Matokeo na jinsi walivyohesabu naleta kwenye post inayofuata. Niko kwenye basi, chaji asilimia 9.

#2 Kasisi wa Kariakoo

Naweka kambi hapa. Lete vitu.

#3 Binti Ununio

Mkuu hebu rudi kwanza hapo kwenye mgombea binafsi. Ina maana mtu anaamka tu asubuhi, hana chama, anaenda kuchukua fomu na jina lake linawekwa?

#4 Mzee wa Liffey

@Binti Ununio ndiyo. Na si wachache wala wasindikizaji. Nchi nzima kuna viti 949 kwenye halmashauri 31, na wasio na chama wamechukua zaidi ya 180. Huku mtu akifukia mashimo ya barabara ya kijijini miaka ishirini, chama cha nini tena? Sisi kwetu suala hilo limezunguka mahakamani tangu enzi za marehemu Mtikila na mpaka leo ukitaka kugombea sharti udhaminiwe na chama.

#5 Fundi Saa

Hii chai. Mgeni apige kura kwenye nchi ya watu? Nipo Uarabuni mwaka wa kumi na moja, hapa hata kuuliza bei ya nyanya unaangalia nyuma kwanza.

#6 Mzee wa Liffey

@Fundi Saa ningekuwa wewe ningebisha pia. Ila si jambo la juzi. Mwaka 2004 Mnigeria aitwaye Rotimi Adebari, aliyefika Ireland mwaka 2000 kuomba hifadhi, aligombea udiwani wa mji wa Portlaoise akashinda. Mwaka 2007 wenzake wakamfanya meya, meya mweusi wa kwanza nchi hii. Miaka minne tangu ashuke kwenye ndege alikuwa diwani. Baraza lile la mji halipo tena, mwaka 2014 walifuta mabaraza 80 ya miji midogo kwa mkupuo mmoja.

Haya, hesabu. Kaeni vizuri, hapa ndipo kwenye utamu.

Kura zilifungwa saa nne usiku. Kwetu ukisikia vituo vimefungwa ujue masanduku hayalali, usiku uleule wanahesabu na watu wanakesha. Hawa wanapeleka masanduku, wanafunga mlango, wanakwenda kulala. Hesabu inaanza kesho yake asubuhi. Dublin wanahesabia RDS kule Ballsbridge, viwanja ambavyo kila mwaka wanafanya maonyesho ya farasi. Mfanyakazi mwenzangu ana dada anayejitolea kwenye chama kimoja, nikapatiwa kitambulisho cha kuingia Jumamosi mchana.

Ndani ni ukumbi mkubwa kama ghala la pamba. Meza ndefu, wahesabuji upande mmoja, halafu kuna vizuizi vya chuma, na nyuma ya vizuizi ndipo walipo mawakala. Sanduku linamwagwa mezani. Mhesabuji anakunjua karatasi mojamoja, uso juu. Sasa angalia wale mawakala: wameegemea kizuizi, shingo zimenyooka kama twiga kwenye mgunga, ubao mdogo mkononi wenye orodha ya wagombea, kila karatasi ikikunjuliwa wanapiga kistari kwenye jina lenye namba 1. Hawasemi. Mmoja kando yangu alikuwa mzee wa miaka sabini na kitu, kidole kimoja kimefungwa plasta, vistari vyake vitanovitano vimenyooka kuliko vya benki. Nikamwuliza unafanya kwa chama gani, akanitajia. Nikamwuliza na huyu kijana wa pembeni yako unayepeana naye hesabu? Akacheka, "huyo ni wa wapinzani wetu." Yaani wanagawana masanduku, wewe chukua lile mimi hili, kisha wanajumlisha pamoja. Mpaka mchana wameshajua nani anakaribia na nani kaumia, kabla msimamizi hajatangaza hata jina moja.

Sasa kupata mshindi. Wanatafuta kizingiti. Tuseme eneo lina viti 7 na kura halali ni 8,000. Unachukua viti, unaongeza kimoja, wanakuwa 8. Unagawa 8,000 kwa 8, unapata 1,000, unaongeza kura moja. Kizingiti ni 1,001. Kwa nini? Kwa sababu watu 7 wanaweza kufika 1,001, ila wa 8 hawezi, kura hazitoshi. Nilikaa na kikokotoo cha simu nikajaribu kuwatega, hawategeki.

Aliyevuka kizingiti kaingia. Lakini kile kilichozidi hakitupwi. Kama kapata 1,201, zile 200 ni ziada, zinakwenda kwa waliowekwa namba 2 kwenye karatasi zake, kwa uwiano. Kisha aliyeshika mkia anaondolewa, karatasi zake zote zinachukuliwa, wanaangalia namba 2 ni nani, zinapelekwa kwake. Kama huyo namba 2 kashaondolewa au kashaingia, wanatazama namba 3. Wanarudia hivyo raundi baada ya raundi, kumi, kumi na kitu, hadi viti vijae. Na karatasi zinahama kwelikweli, mtu anabeba furushi lenye mpira kutoka kwenye kijaluba kimoja anapeleka kingine. Hakuna kompyuta.

Yule mama yangu namba 1 hakufika mbali. Namba 2 wangu naye akadondoka katikati. Nilifuatilia raundi zote kwenye simu nikiwa zamu, mzee ninayemhudumia ananiuliza "vipi mtu wako?" kila nikipita na dawa. Namba 3 wangu akaingia raundi ya mwisho kabisa, hata kizingiti hajakifika, kaingia kwa sababu waliobaki ni wale na viti ni vile. Siwezi kuapa kuwa karatasi yangu ndiyo ilikuwa ndani ya furushi lake. Lakini nikifuata njia, haikuwa na pengine pa kwenda.

#7 Jongoo Mweusi

Nimesoma mara tatu. Kwa hiyo kura yako haijapotea, imehama nyumba mara mbili ikapata chumba.

#8 Mzee wa Liffey

@Jongoo Mweusi hapo umemaliza. Na Dublin kupata chumba si jambo dogo.

#9 Kasisi wa Kariakoo

Mkuu umetuzungusha kwenye ghala la pamba, sasa nani kashinda jiji?

#10 Mzee wa Liffey

Hapo ndipo penyewe. Hakuna.

Viti 63, maeneo 11. Fine Gael, chama cha waziri mkuu wa 2024, 11. Social Democrats, chama kidogo kilichoanzishwa 2015, 10. Sinn Féin 9. Fianna Fáil 8, Greens 8, Labour 4, People Before Profit 2. Vinavyobaki ni vya wagombea binafsi na vikundi vidogo. Chama kikubwa kuliko vyote hakina hata robo ya baraza!

Linganisha na 2019: Fianna Fáil walikuwa 11 wakaongoza, sasa 8. Labour wamekatwa nusu, kutoka 8. Greens kutoka 10. Social Democrats walikuwa 5 wamejizidisha mara mbili. Sinn Féin walikuwa 8, wameongeza kiti kimoja tu, na hao ndio walikuwa wanapigiwa debe na kura za maoni miaka miwili nyuma kuwa ndio serikali ijayo. Mwaka 2014 jiji hili walikuwa na 16. Nchi nzima wameishia viti 102 wakati Fianna Fáil wana 248 na Fine Gael 245. Hao wawili wa mwisho walipigana vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1922, babu zao, na leo wanatawala pamoja. Kura za namba 1 walizopata zinakaribiana mno, kama 23% kila mmoja.

Kilichowaangusha Sinn Féin kila mtu ana lake. Mimi nadhani walijikuta katikati: mpangaji wa mtaa wa Cabra anayelia na kodi alikuwa anawasikiliza, na jirani yake anayelia na wageni naye alikuwa anawasikiliza. Ilipofika 2024 hawakuweza kuwajibu wote wawili kwa sauti moja.

#11 Binti Ununio

Wageni tena. Si huko huko mlikochomewa mabasi mwaka jana? Mdogo wangu alikuwa anaomba chuo huko, mama akakataa.

#12 Mzee wa Liffey

Ndiyo, tarehe 23 Novemba 2023. Mchana mtu alishambulia watoto kwa kisu nje ya shule karibu na Parnell Street, jioni fujo. Mabasi yaliteketezwa, tramu, magari ya polisi. Usiku ule nilitembea kwenda kazini dakika hamsini kwa njia za nyuma, kofia imeshuka hadi machoni, kwa sababu usafiri wa katikati ya jiji ulisimama na wazee wangu hawawezi kulala bila kugeuzwa.

Kwa hiyo uchaguzi huu wengi wetu tulikuwa na hofu. Wagombea wa "Ireland imejaa" walikuwa wengi, nguzo zangu za taa zote zilikuwa na sura zao. Wameingia wachache. Kwa jiji la Dublin wanaotajwa zaidi ni Malachy Steenson kule North Inner City na Gavin Pepper kule Ballymun–Finglas, wote wagombea binafsi. Jirani zetu wa halmashauri ya Fingal wamempata Patrick Quinlan wa National Party.

Kwa macho yangu, mfumo wa namba ndio uliowapunguza. Mtu mwenye wafuasi wakali anapata namba 1 za kwake tu, lakini hapati 3 na 4 za watu wa kawaida. Na raundi za mwisho zinaamuliwa na hizo 3 na 4. Ukitukana kila mtu, karatasi zikianza kuhama hazipiti kwako.

Na upande wa pili, Cabra–Glasnevin ameshinda kijana wa Greens, Feljin Jose, aliyezaliwa India. Gazeti likipiga picha ya baraza jipya, hao wote wamo kwenye picha moja.

#13 Mwana wa Narok

Wadau mko na stori tamu lakini mmeruka ya kwetu! Siku nne tu kabla ya huo uchaguzi wenu, tarehe 3 Juni, msichana wa Kimaasai kutoka Narok amevaa mkufu wa umeya Derry. Lilian Seenoi-Barr. Shanga shingoni, mkufu wa dhahabu juu ya shanga. Huku nyumbani tumeipiga hiyo picha kwa magrupu yote ya WhatsApp hadi shosho akauliza kama ni harusi.

#14 Mzee wa Liffey

@Mwana wa Narok sijamsahau, nilikuwa namtunza kwa sababu ile ni Ireland ya Kaskazini, nchi ni Uingereza, halmashauri zao na tarehe zao ni nyingine. Wao walichagua tarehe 18 Mei 2023. Lakini kupiga kura ya udiwani ni namba vilevile, 1, 2, 3.

Kwa wasiomjua: alifika kule mwaka 2010 akiomba hifadhi, na mwanawe. Akaanzisha North West Migrants Forum, shirika la kutetea wahamiaji. Mwaka 2021 chama cha SDLP kikamweka kwenye kiti cha udiwani kilichokuwa wazi, 2023 akaenda kwa wapiga kura wa Foyleside mwenyewe akashinda. Baraza la Derry City na Strabane lina viti 40: Sinn Féin 18, SDLP 10, DUP 5, UUP 3, binafsi 3, People Before Profit 1. Umeya kule unazunguka baina ya vyama kwa hesabu ya viti, mwaka mmoja mmoja, zamu hii ilikuwa ya SDLP nao wakamteua yeye. Ndiye meya mweusi wa kwanza Ireland ya Kaskazini.

Haikuwa harusi tupu lakini. Wapo wenzake chamani waliojiondoa kwa kutoridhika na jinsi uteuzi ulivyofanyika, na yeye alipata vitisho vya kuuawa.

#15 Mwana wa Narok

Hiyo ya vitisho tumesikia. Na Derry si mji wa mchezo kwa mambo ya kura. Kuna mwalimu wangu wa historia alikuwa akituambia kule Wakatoliki walikuwa wengi mjini na baraza likawa la Waprotestanti miaka nenda rudi.

#16 Mzee wa Liffey

Mwalimu wako alisema kweli. Walichora mipaka ya kata kwa ujanja: Wakatoliki wengi wanarundikwa kata moja kubwa, wachache wa upande wa pili wanagawiwa kata mbili wakashinda zote. Tena kura ya udiwani ilikuwa ya mwenye nyumba au mpangaji wa nyumba nzima. Mtoto mtu mzima anayeishi kwa mama yake, hana kura. Mwenye kampuni anaweza kuwa na zaidi ya moja. Baraza lile la zamani liliondolewa mwaka 1969, kukawekwa tume. Kura ya namba 1, 2, 3 ikarudi 1973.

Na namba zenyewe kwa kisiwa hiki zilianzia Sligo, Januari 1919. Manispaa ile ilikuwa imefilisika, wakakubaliana wajaribu njia ambayo wachache nao watapata viti, ili walipa kodi wenye mali wasigome. Ikafanya kazi, mwaka uliofuata ikaenda miji yote. Miaka mia na ushee, karatasi bado zinahamishwa kwa mkono.

#17 Kongomani wa Cork

Bandugu, na sisi tuandike. Fingal mwaka 2014 aliingia Edmond Lukusa kwa tiketi ya Sinn Féin, mzaliwa wa Kongo. Sisi wa Cork tulikuwa tunasema: kama yeye ameweza Mulhuddart, basi hata sisi tunaweza. Bado tunasema hivyo, hahaha. Kusema ni bure.

#18 Fundi Saa

Nimeondoa ile kauli ya chai. Sasa swali langu: hao madiwani wakishaingia wanafanya nini? Maana kwetu diwani namkumbuka kwa kukata utepe wa choo cha soko.

#19 Mzee wa Liffey

@Fundi Saa, umegusa kidonda.

Kampeni nzima walipita mlangoni kwangu watu tisa, nimewahesabu. Mmoja aliniahidi polisi zaidi mtaani. Polisi si wa halmashauri, ni wa serikali kuu. Mwingine kaniahidi hospitali. Si yao. Takataka? Tangu 2012 jiji limejitoa, unamlipa mtu binafsi. Kilichobaki kwao ni nyumba za halmashauri, vibali vya ujenzi, barabara ndogo, maktaba, bustani, zimamoto. Bajeti yao inapita yuro bilioni 1 kwa mwaka, si haba.

Lakini kalamu hana diwani. Kuna mkurugenzi. Wala msihangaike kunielewa, ni yuleyule mkurugenzi wa jiji mnayemjua, haogopi kura kwa sababu hajapigiwa. Mwaka huu wa 2024 ni Richard Shakespeare, jina halitanii. Yeye ndiye anayesaini mikataba, anagawa nyumba, anaamua kibali cha ghorofa. Madiwani wanapitisha bajeti na ramani ya mipango ya jiji, na mpaka mwaka 2024 waliweza kupandisha au kushusha kodi ya nyumba kwa 15%. Dublin kwa miaka mingi wameishusha kila mwaka, halafu wanalalamika hela za nyasi hazitoshi.

Na wakikaidi serikali kuu wanafutwa. Baraza la Dublin lilivunjwa 1924 mpaka 1930, wakatawala makamishna. Likavunjwa tena 1969 mpaka 1973 kwa sababu lilikataa kupanga kodi ya majengo.

#20 Kasisi wa Kariakoo

Sisi wa Dar tumekuelewa bila ramani. 1996 tulivunjiwa tukaletewa Tume ya Jiji, 2021 tukavunjiwa tena Ilala ikavishwa joho la jiji. Ungetuanzia hapo tu.

#21 Binti Ununio

Na meya wa Dublin je? Anachaguliwa na wananchi?

#22 Mzee wa Liffey

Hapana, na madiwani wenzake, mwaka mmoja tu. Anapewa nyumba, Mansion House pale Dawson Street, mkufu, na safari za kukata utepe (Fundi Saa shangilia). Waliojaribu njia nyingine ni Limerick. Mwaka 2019 serikali iliwauliza wananchi wa Cork, Waterford na Limerick kama wanataka meya wa kuchaguliwa moja kwa moja. Cork wakakataa kwa kura chache, Waterford kwa chache zaidi, Limerick wakakubali. Kwa hiyo tarehe 7 Juni hii wenzetu wa Limerick walikuwa na karatasi ya ziada, na kashinda John Moran, mgombea binafsi, aliyewahi kuwa katibu mkuu wa wizara ya fedha. Wa kwanza wa aina yake nchi hii. Tumtazame kama na yeye atabaki na mkufu au atapata na kalamu.

#23 Mzee wa Liffey (mrejesho, Julai)

Nilisema nitaleta nani ataliongoza jiji.

Kulikuwa na mazungumzo ya vyama vya mrengo wa kushoto. Chukueni kikokotoo: Social Democrats 10, Sinn Féin 9, Greens 8, Labour 4, People Before Profit 2. Jumla 33. Wingi wa baraza ni 32. Yaani walikuwa nao mkononi! Yakavunjika. Greens na Labour wakaenda kukaa na Fine Gael na Fianna Fáil. Jumlisheni hiyo nayo: 31. Pungufu ya mmoja, wanamalizia kwa wagombea binafsi. Meya akawa James Geoghegan wa Fine Gael.

Kwa hiyo namba 3 wangu, aliyeingia kwa jasho raundi ya mwisho, sasa anapiga kura pamoja na chama ambacho mimi sikukipa hata namba 6. Nilimwandikia barua pepe. Alijibu ndani ya siku mbili, mwenyewe, aya nne, sababu zake. Sikukubaliana na aya hata moja. Lakini kajibu. Na mwisho akauliza lile jambo la kivuko cha shule nililomlilia mlangoni limefikia wapi.

#24 Jongoo Mweusi

Limefikia wapi?

#25 Mzee wa Liffey

Wamekuja watu wawili wenye fulana za njano wamepima kwa utepe. Wakaondoka.

#26 Mzee wa Liffey (mrejesho, Desemba)

Nafufua uzi kidogo. Uchaguzi mkuu umepita tarehe 29 Novemba, na madiwani kadhaa wameingia bungeni, pamoja na meya Geoghegan mwenyewe. Hairuhusiwi kushika vyote viwili. Mtu kama mimi uchaguzi ule sikupiga, L yangu hainifikishi huko. Nilichojifunza ni kwamba diwani akiondoka hakuna uchaguzi mdogo. Chama chake kinaleta jina, baraza linapitisha, basi. Umeya nao kapewa Emma Blain wa chama kilekile. Kwa hiyo ile hesabu niliyokesha nayo Juni, furushi kwa furushi, tayari baadhi ya viti vina watu ambao hawakuwemo kwenye karatasi. Uchaguzi mwingine wa udiwani ni 2029.

#27 Kongomani wa Cork

Mkubwa, mke wangu amesoma uzi wote. Anauliza kujiandikisha inataka nini.

#28 Mzee wa Liffey

Mwambie shemeji ni fomu ya mtandaoni, dakika tano. Awe na namba yake ya PPS (ile ya utambulisho wa kodi na huduma za serikali), tarehe ya kuzaliwa, na msimbo wa posta wa nyumba. Uraia anaandika wa kwao, haimwondoi. Akihama nyumba abadilishe anuani, wengi wanakwama hapo: wanafika kituoni jina liko mtaa wa zamani. Asingoje 2029, afanye leo.

#29 Kongomani wa Cork

Ameshajaza. Sasa ananiuliza mimi ya kwangu iko wapi.